Asiyekuwepo na Chumvi Yake

Binamu yangu Etelvina Menjívar ni mwizi. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hulisema, tena kwa maringo, na kwa sababu kijiji chetu cha Portillo Seco hakijapata kuona mikono kama ile. Siku hizi magoti yanamlilia akipanda kilima cha kanisa, lakini ukimkaribisha kwako kati ya Krismasi na Siku ya Mishumaa, usimpe kisogo. Atakunywa kahawa yako, atakuuliza habari za kuku wako, atakuaga kwa heshima zote, na ukigeukia pango la Noeli utakuta Maria na Yosefu wanaangalia majani matupu.

Anayeibwa ni Mtoto Yesu. Kwetu hilo si kosa, ni ada. Mtoto akishalazwa pangoni, jirani yeyote ana haki ya kumwiba, na mwenye nyumba aliyeshindwa kumlinda ajilaumu mwenyewe. Mwizi huacha kitu chake pale majanini ili ajulikane. Humshonea Mtoto nguo mpya, humtajia baba na mama wa ubatizo, na tarehe mbili Februari, ndiyo Siku ya Mishumaa, wazazi hao humrudisha juu ya sinia, huyu kashika upande huu na yule upande ule, nyuma yao kijiji kizima na magitaa na fataki. Mwenye nyumba lazima afungue mlango, apige magoti, awaite wale wawili ndugu zake wa ubatizo, kisha alishe kila aliyekuja. Ndugu wa ubatizo hawagusani kwa ubaya maisha yao yote. Hairuhusiwi kumdai Mtoto kabla ya siku yake. Hairuhusiwi kubadilisha wazazi waliokwisha kutajwa. Na nyumba ambayo Mtoto hakurudi, mwaka huo itatoa jeneza. Msiniulize sheria hizi aliziweka nani. Hata za serikali sijui aliziweka nani, na zile ndizo zilizotumaliza.

Wakati ninaousimulia, vita vilikuwa bado havijaitwa vita. Tulikuwa na umoja wetu wa wakulima. Tukidai nini? Kwamba tukishuka kuchuma kahawa kwenye mashamba ya matajiri tupewe maharage yasiyotembea sahanini, na kwamba kodi ya vipande vyetu vya mahindi isizidi mahindi yenyewe. Kwa hayo tukaitwa wakomunisti, neno ambalo mjomba wangu alidhani ni dhehebu, akauliza wao Jumapili wanasali saa ngapi. Mikutano ikapigwa marufuku. Watu watatu wakisimama pamoja ulikuwa mkutano, na wawili wakisimama pamoja walikuwa wanamsubiri wa tatu.

Lakini ibada haikukatazwa, na hapo ndipo wizi wa Etelvina ulipopata cheo. Umoja wetu ulikuwa na mwenyekiti, katibu, na mwizi. Yeye anaiba, sisi tunarudisha, na kati ya rozari na kahawa tunazungumzia bei ya mbolea. Februari tulirudisha kama ada inavyotaka. Machi, ingawa msimu umekwisha, tukaiba tena. Mei, mvua zimeanza, tukamrudisha Mtoto wa katekista tukiwa tumejifunika magunia. Julai, mahindi yamefika kiunoni, tulipita mbele ya kituo cha askari tukiimba nyimbo za Krismasi kwa sauti zetu zote, na sajini, mtu mnene wa mashariki aliyelelewa na bibi mcha Mungu, akavua kofia yake ya chuma na kufanya ishara ya msalaba. Nilicheka hadi nikaumwa ubavu.

Januari iliyofuata hatukucheka. Walimchukua Eusebio.

Eusebio Guardado alikuwa mume wa Etelvina: mfupi, mpole, jino moja la mbele halipo, mtu wa kusema asante hata akikanyagwa. Siku hiyo wanaume walikuwa wanakata mtama kwa zamu kama tunavyofanya kwetu, leo wote shambani kwa huyu, kesho wote shambani kwa yule. Sajini akaja na askari wake, akiongozwa na don Fulgencio Orellana. Huyu don Fulgencio ndiye aliyekuwa mkuu wa Masikio. Masikio tuliwaita wanakijiji wenzetu waliopewa kadi na bunduki kuukuu ili wasikilize nani kasema nini. Tena alikuwa baba wa ubatizo wa Etelvina, ndiye aliyembeba mbele ya padri akiwa mchanga. Dunia haina adabu.

"Shamba hili la nani?" sajini akauliza.

"La Chepe," Eusebio akajibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na kwa kuwa alifundishwa kujibu akiulizwa.

"Wewe ndiye Chepe?"

"Hapana, afande. Mimi Eusebio."

"Sasa mbona unakata mtama wa Chepe?"

"Kesho Chepe atakata wangu."

Sajini akamgeukia don Fulgencio. "Umesikia? Amekiri mwenyewe."

Wakamfunga vidole gumba nyuma ya mgongo kwa kamba nyembamba, ile ya kufungia magunia, wakaondoka naye. Chepe alibaki na mtama wake na panga mkononi, analia kama mtoto.

Kesho yake nilimsindikiza Etelvina kituoni. Alikuwa na kikapu chake cha tortila, chapati zetu za mahindi, na maharage kwenye kibakuli kilichofungwa kwa kitambaa.

"Namtafuta mume wangu, Eusebio Guardado."

"Hayupo," akasema sajini.

"Nimemletea chakula."

Sajini akafungua kitambaa, akanusa. "Lete."

"Utampa nani, afande, kama hayupo?"

"Mama, unataka ale au unataka tubishane?"

Etelvina akaacha chakula. Siku iliyofuata akarudishiwa kibakuli kimesafishwa kama kilicholambwa. Ikawa ndiyo kazi yetu: kila siku tunakwenda, kila siku Eusebio hayupo, kila siku asiyekuwepo anamaliza chakula chake. Halafu asubuhi moja sajini akamrudishia kibakuli na kusema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na utumishi, "Yule asiyekuwepo anasema maharage yako hayana chumvi."

Nilitoka pale nikirukaruka njiani. "Yu hai, Vina! Umesikia? Anadai chumvi! Maiti haidai chumvi!"

"Ndiyo," akasema Etelvina. Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Kuna mtu anadai chumvi."

Kesho yake akaongeza chumvi. Mimi sikuona neno ndani ya hilo.

Kilichotutia hofu ni alichokiropoka sajini siku chache baadaye, kwamba wasiokuwepo wote watapelekwa mjini, lori likipata mafuta, mara baada ya Siku ya Mishumaa. Tulijua maana ya kupelekwa mjini. Wa kijiji cha jirani waliopelekwa mjini waliokotwa kando ya barabara kuu, na wengine hata hawakuokotwa. Basi ilikuwa ni kumtoa mtu mle ndani kabla ya lori, au kutomtoa kabisa.

Etelvina alianza kwa njia ya adabu. Alikwenda kwa don Fulgencio kumwangukia. Mimi nilikwenda pia, nikakaa jikoni na mkewe, Mama Tencha, namsaidia kuchambua maharage na kumsikiliza akimsifu Mtoto wake. Lazima niwaambie kuhusu Mtoto huyo. Alinunuliwa ng'ambo ya mpaka, Guatemala, macho ya kioo, nywele za binadamu, viatu vya fedha. Mama Tencha na mumewe hawakujaliwa uzazi. Huyu ndiye alikuwa mtoto wao, na mwaka mzima alikuwa na kitanda chake na nguo za baridi. Hakuna aliyewahi kumwiba, kwa sababu mlangoni kwa don Fulgencio walisimama Masikio wawili wenye bunduki.

Sauti zao zilitufikia kutoka sebuleni.

"Baba, nimekuja kwa ajili ya Eusebio."

"Binti yangu, mimi nilitaja jina tu. Yaliyobaki ni ya serikali."

"Basi litaje tena, baba. Waambie umekosea."

"Serikali haikosei kwa kupenda. Ukiiambia imekosea, inakasirika."

Kisha nikamsikia Etelvina akisema kwa unyenyekevu, "Nibariki basi, baba, niende zangu."

Kwetu mtoto wa ubatizo hupiga magoti na kukunja mikono kifuani, na mzazi wake humwekea mkono kichwani na kuomba. Don Fulgencio alipenda sana sauti yake akiomba. Alifumba macho, akaanza na Adamu, akapitia manabii, akawaombea wagonjwa, wasafiri na rais wa nchi. Alipofika kwa mapapa, kama Etelvina alivyonisimulia baadaye, yeye alikuwa amepitisha mkono chini ya kwapa lake, akamtoa Mtoto pangoni na kumlaza kikapuni chini ya tortila. Pale majanini akaacha kile kitambaa cha kufungia chakula cha Eusebio.

"Amina," akasema don Fulgencio.

"Amina, baba. Mungu akulipe."

Mlangoni mmoja wa Masikio alifunua kikapu. Akachukua tortila ya juu, akaikunja, akaitia mdomoni. "Pita, mama."

Mayowe ya Mama Tencha tuliyasikia tukiwa tumefika nyumbani. Haukupita muda, don Fulgencio akaingia uani kwa Etelvina na watu wake, kitambaa mkononi, jasho linamtoka.

"Mrudishe."

"Kabla ya siku yake, baba? Unataka nyumba yako itoe jeneza?"

"Vina, usinichezee."

"Nani anacheza? Nitamrudisha Siku ya Mishumaa, kwa sinia na fataki, kama ada. Wazazi wake nimekwisha kuwataja mbele za watu, muulize Licha huyu." Nikatikisa kichwa kukubali. "Mama ni mimi. Baba ni Eusebio."

"Eusebio hayupo!"

"Hayupo wapi, baba?"

Don Fulgencio akajifuta jasho kwa kile kitambaa. Kusema hayupo kituoni ni kusema anajua yuko wapi. "Mtaje mwingine," akasema hatimaye.

"Ada hairuhusu. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Walipekua nyumba ile hadi wakatoboa dari. Hawakuona kitu. Don Fulgencio akapeleka habari kituoni, na sajini akalichukua jambo lile kwa uzito wote, maana siku zile matajiri walikuwa wakitekwa mjini na wakubwa walitaka kila utekaji utolewe taarifa. Mfuaji nguo wa askari, aliyekuwa shangazi yake Chepe, alikuwa karibu na redio na alitusimulia.

"Mtoto ametekwa, mkuu."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume, mkuu."

"Umri?"

Sajini alikuwa mkweli. Akapiga hesabu. "Elfu moja mia tisa sabini na tisa, mkuu. Karibu na hapo."

Kisha sauti ya mjini ikamwagiza aache pombe kazini.

Kwa kuwa mjini hawakumsaidia, sajini alitumia akili zake, na hilo ndilo lililomharibia kila kitu. Aliamuru Watoto wote wa kijiji wakamatwe. Askari wakapita nyumba kwa nyumba wakiwa na gunia, wakawatoa mapangoni: Watoto wa plasta, wa mbao, wa udongo, mmoja wa katekista aliyekuwa hana mkono, mmoja wa kina Ayala aliyekuwa mwanasesere wa kike aliyekatwa nywele. Wakawapanga kwenye benchi la washukiwa. Mama Tencha akaitwa aje amtambue wake.

"Ni huyu?"

"Huyo ana kichwa cha panya."

"Huyu?"

"Afande, huyo ni msichana."

Hakuwatambua hata mmoja. Wakati huo huo, wenye Watoto walikuwa wameanza kufika nje. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Walikuja akina mama na mikeka yao, na chakula, na vizee ambao hawakuwa wametoka uani tangu mvua. Umoja wetu katika miaka yake yote haukuwahi kukusanya umati kama ule. Hata waliotuogopa walikuja. Hata wake wa Masikio walikuja, maana Watoto wao nao walikuwa ndani.

"Tawanyikeni!" sajini akapiga kelele. "Huu ni mkutano!"

"Tupeni watoto wetu!"

"Hamuogopi?"

Mke wa katekista akasimama, mikono kiunoni. "Afande, umemweka Mtoto Yesu rumande. Wa kuogopa ni wewe."

Na kweli aliogopa. Jioni akawaachilia wote, kila mmoja akasainiwa na mamaye, na yule asiye na mkono akaandikiwa kwamba alikuja hivyo hivyo.

Na Mtoto wa Mama Tencha alikuwa wapi? Alikuwa kikapuni. Kila siku Etelvina alikwenda naye kituoni, akakiweka kikapu mezani kwa sajini, akatoa kibakuli cha asiyekuwepo, na Mtoto akabaki chini ya tortila karibu na kiwiko cha sajini. "Kila mahali watatafuta," aliniambia, "ila kwao." Nilimwambia ana wazimu. Akasema ndiyo.

Kilichobaki alikifanya Mama Tencha. Alizima jiko. Askari walizoea kula kwake, na mumewe naye alikuwa mtu wa tumbo. "Mwanangu yuko nje kwenye baridi," akawaambia, "nyinyi mnataka supu?" Serikali ikashinda na njaa. Don Fulgencio alionekana akinunua ndizi.

"Mtoe Eusebio," mkewe alimwambia, na jirani wote walisikia.

"Hayupo, mke wangu! Nikueleze mara ngapi?"

"Basi mtafute huyo asiyekuwepo umlete. La sivyo nitakwenda mwenyewe, na mchi nitaubeba."

Don Fulgencio akaenda kituoni. Alikaa na sajini mlango umefungwa. Alipotoka uso ulikuwa wa majivu, na hakumtazama mtu. Lakini habari ilikuja: Siku ya Mishumaa, msafara ukipita mbele ya kituo, Eusebio Guardado atatoka na kushika upande wake wa sinia.

Nilicheza ngoma uani. Etelvina hakucheza. Alifua shati jeupe la Eusebio, akalipiga pasi, akalikunja, akalikunjua, akalipiga pasi tena. Nilidhani ni furaha.

Siku ikafika. Mtoto alivaa gauni jipya la buluu. Etelvina alishika sinia peke yake, upande mmoja umeinama, Mtoto kafungwa utepe asiteleze. Nyuma tulikuwa sote: magitaa, tamale za unga wa mahindi kwenye masufuria, fataki zinapasuka. Mbele ya kituo tukasimama. Don Fulgencio alikuwepo na Mama Tencha, kamshika mumewe mkono kwa nguvu kama anayemkamata.

Sajini akatoka, vifungo vyote vimefungwa. "Serikali haina kinyongo na mtu," akasema. "Huyu hapa Eusebio Guardado, mzima kama mnavyomwona."

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mtu mrefu, mwembamba, ndevu zimemjaa, vidole gumba vyeusi. Alikenua kwa sababu ya jua, na meno yake yote yalikuwepo.

Nimemjua Eusebio tangu tukiwa watoto wa kuchezea matope. Yule hakuwa Eusebio. Hakuwa mtu wa kijiji chetu, wala wa kijiji cha jirani. Nilimtazama don Fulgencio, naye alikuwa anatazama viatu vyake, nikaelewa mlango ulipofungwa aliambiwa nini. Hasira ilinipanda. Nilitaka kupiga kelele kwamba walikuwa wamemuua na sasa wanatuchezea mbele ya Mungu.

Sajini aliona. Mkono wake ukaenda kwenye bastola, si kwa haraka. "Ndiye au siye?" akamuuliza Etelvina. "Kama siye, namrudisha ndani. Lori la mjini liko tayari."

Yule mtu alikuwa anamtazama Etelvina. Hakuomba. Nadhani alikuwa amesahau jinsi ya kuomba.

Etelvina alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, polepole, na nikaona uso wake ukifa na kufufuka papo hapo. Kisha akasema, kwa ile sauti ya mke anayemgombeza mume mbele za watu, "Eusebio, umechelewa. Njoo ushike sinia, mkono wangu unauma."

Alikuja. Vidole gumba havikuweza kushika kitu, basi alipenyeza mikono yake chini ya sinia hadi viwiko, kama anayebeba mtoto kweli. Ndipo Chepe, Mungu ambariki, akapaza sauti kutoka nyuma: "Eusebio! Mbona umerefuka?"

"Ni njaa," mtu mwingine akajibu. "Njaa humvuta mtu."

"Na jino limeota!"

"Maji ya serikali hayo!"

"Eusebio, bado unanidai siku moja ya mtama!"

Kijiji kizima kilikuwa kinacheka na kinalia, nami nalia, na yule mtu katikati hajui ageuke wapi, kila anayemgusa anamwita jina la marehemu. Tukampandisha kilima hivyo.

Mlangoni kwake don Fulgencio alipiga magoti. Ada ni ada. Mama Tencha alisimama juu yake kuhakikisha. Ilimbidi amwite mgeni yule ndugu yake wa ubatizo, kwa jina, mbele ya watu wote na mbele ya Etelvina, ambaye yeye mwenyewe alimbeba akiwa mchanga. "Ndugu yangu Eusebio," akasema, na Mama Tencha akamwambia aseme kwa sauti, akalirudia jina. Alisaidiwa kunyanyuka. Toka siku hiyo hakuweza kumgusa yule mtu, wala kumtaja kwa askari. Lakini sikumsamehe, na simsamehe hadi leo, na padri ameshachoka kuniambia.

Tamale zikagawiwa. Etelvina akamtengea mgeni sahani, akakaa mbele yake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Chumvi?" akamuuliza.

Mtu yule akaacha kula. "Ni wewe?" Machozi yakaanza kumwagika kwenye ndevu. "Imetosha, dada. Imetosha."

Jina lake Macario, mkulima kama sisi, kutoka milima ya upande wa pili wa mto. Alikuwa chumba kimoja na Eusebio jioni ya kwanza. Eusebio alimweleza habari za mkewe. Alfajiri walimtoa Eusebio na hakurudi, na chakula kilipokuja askari hawakujua wakifanyeje, wakampa Macario.

Nilimkalia Etelvina kooni. "Ulijua?"

"Eusebio alikula nilichompa miaka yote ya ndoa yetu, Licha. Siku niliyounguza, alisema asante. Nitasema alidai chumvi?"

"Basi uliiba kwa ajili ya nani?"

"Kuna mtu alikuwa anakula," akasema. Akafuta macho kwa kiganja. "Na nilikuwa najidanganya. Nikawa nasema labda mle ndani wamemfundisha kulalamika."

Macario alikaa kwetu akiwa Eusebio hadi vidole vilipopona kiasi. Mikono ya shati jeupe ilimfika karibu na viwiko. Kisha vita vikaja kwa jina lake, tukakimbia wote, milimani kwanza na baadaye kambini ng'ambo ya mpaka. Don Fulgencio alikimbilia mjini, akafia huko kitandani pake. Mama Tencha alirudi peke yake, na Mtoto wake mkobani.

Tuliporudi tulijenga ukuta wa majina ya waliouawa kando ya kanisa. Vijana waliokusanya majina walikuwa wa haki sana. Walikataa kumwandika Eusebio Guardado. "Bibi, huyu aliachiliwa akiwa hai," walimwambia Etelvina. "Kijiji kizima kilimwona. Mashahidi ni wote." Shahidi mmojawapo nikiwa mimi. Tukampelekea Macario habari, naye akapanda basi, akaja na patasi yake mwenyewe, akasimama mbele yao na kusema, "Mimi ndiye Eusebio niliyeachiliwa. Nimekuja kusema nimekufa." Akalichonga jina polepole, patasi kaibana kwa vidole vinne, maana vidole gumba havikurudi sawasawa.

Bado huja kila Siku ya Mishumaa, mzee sasa, na wajukuu wawili watatu. Wiki moja kabla, Etelvina huenda kwa Mama Tencha kunywa kahawa, na Mama Tencha humpa kisogo kwa makusudi, muda mrefu, anatafuta sukari iliyo mbele yake. Macario hupenyeza mikono chini ya sinia. Akiitwa Eusebio huitika. Kisha Etelvina humtengea tamale, hukaa mbele yake, humuuliza, "Chumvi?"

"Imetosha, dada," husema. Alisema hivyo hata mwaka jana, na mwaka jana Etelvina, uzee nao, alikuwa amesahau kuitia kabisa.